Kabla Hujaongeza Gesi, Angalia Bawaba za Mlango

Hapa huwa tunazungumza sana kuhusu barafu, usafi wa mwalo na ukubwa wa samaki anayeruhusiwa kuvuliwa. Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kidogo ambacho karibu hakuna anayekitaja anapolalamikia chumba baridi. Nazungumzia bawaba za mlango.

Najua utacheka. Afisa wa uvuvi na bawaba wapi na wapi? Nisikilize kwanza. Katika mizunguko yangu Kirumba, Igombe, Kayenze na ng'ambo visiwani Ukerewe, malalamiko ni yale yale: "Afisa, chumba hakipoi." Na jibu ambalo mwenye chumba amekwisha kupewa ni lile lile: "Gesi imeisha." Anachangisha fedha, anaita fundi, gesi inaongezwa, chumba kinapoa siku chache, kisha hadithi inaanza upya.

Weka jambo hili kichwani. Gesi ya friji si kama gesi ya kupikia, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, maana yake kuna tundu mahali, na tundu hilo lazima litafutwe na lizibwe kabla ya kuongeza nyingine. Fundi anayekuongezea gesi kila baada ya miezi miwili bila kutafuta tundu anajaza ndoo iliyotoboka. Na mara nyingi gesi ipo kamili, kompresa ni nzima, ila baridi inatoka mlangoni mchana na usiku.

MLANGO UKILEGEA, KINATOKEA NINI?

Mlango wa chumba baridi ni mzito kuliko mlango wa nyumba. Ndani una povu nene la kuzuia joto, nje una bati pande zote mbili, na uzito wote huo unaning'inia kwenye bawaba mbili au tatu za upande mmoja. Ukifunguliwa mara mia kwa siku, ukigongwa na kreti, vijana wakiuegemea wakisubiri mzigo, polepole unashuka upande wa kitasa. Kona ya juu inaachia, kona ya chini inaanza kusugua sakafu. Mpira wa pembeni, ambao kazi yake ni kuziba, unabaki umening'inia bila kugusa fremu vizuri.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inamwagika nje kupitia mwanya wa chini. Nafasi yake inajazwa na hewa ya joto inayoingia kwa juu. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi. Kwa joto la mchana la nyuzi 28 hivi, kila mita moja ya ujazo inayoingia kwenye chumba cha nyuzi 2 inabeba joto linaloweza kuyeyusha takriban gramu 200 za barafu, na inaacha ndani takriban gramu 15 za maji.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Chukua mlango wa mita 2 kwenda juu. Weka mwanya wa milimita 5, wenye urefu wa nusu mita, juu ya mlango, na mwingine kama huo chini. Wengi wetu tungeuona tukasema "huo si kitu." Kwa kukadiria, hapo zinapita mita za ujazo 7 hivi kila saa. Kwa siku nzima ni kama mtu ameingia chumbani kwako akayeyusha kilo 30 hivi za barafu, kisha akakumwagia zaidi ya lita 2 za maji juu ya mashine. Maji hayo yanaganda kwenye mapezi ya mashine ya ndani, yanaziba njia ya upepo wa feni, na chumba kinazidi kushindwa. Kompresa haipumziki. Ukisikia kompresa inanguruma tangu asubuhi hadi asubuhi, usikimbilie kusema ni mbovu. Inawezekana inafanya kazi ya watu wawili.

Umeme utaongezeka, ndiyo. Lakini hasara kubwa iko kwenye samaki. Samaki aliyekaa kwenye nyuzi 5 anaharibika zaidi ya mara mbili kwa kasi kuliko aliyekaa kwenye nyuzi 0, na kwenye nyuzi 10 ni karibu mara nne. Chumba kilichotakiwa kuwa nyuzi 1 kikipanda hadi nyuzi 6, ukiingia bado utasikia baridi na utasema kinafanya kazi. Samaki wako hatakubaliana na wewe. Maziwa ya mfugaji nayo hayatakubali.

KILICHOTOKEA KWENYE KIKUNDI KIMOJA

Sitataja kijiji, maana wahusika bado wanaishi pamoja. Ni kikundi cha akina mama wachuuzi wa sato, wengi wao walianza na ndoo moja kichwani. Walipata chumba baridi cha paneli, wakawa wanapokea kreti za wanachama na za watu wa nje kwa malipo ya kila siku. Mwaka wa kwanza kilikwenda vizuri.

Mwaka wa pili chumba kikaanza kusumbua. Gesi iliongezwa mara ya kwanza, ikaongezwa mara ya pili. Kisha siku moja mnunuzi kutoka mjini akafungua kreti, akabonyeza samaki kwa kidole, akaangalia mashavu, akasema hachukui. Kreti tisa. Walioza? Hapana, ila walikuwa wamepoteza daraja, na usafiri wa kurudi hauna subira. Waliuzwa hapo hapo kwa bei ya samaki wa kukaanga. Kreti nne kati ya hizo zilikuwa za mama mmoja aliyekuwa ameweka mtaji wake wote kwenye mzigo ule.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Chumba kinapoa mchana, kwa nini asubuhi kinakutwa na joto? Watu wakasema mweka hazina anazima umeme usiku ili luku isiishe, na fedha inayobaki anaweka mfukoni. Hakuna aliyemwona akizima, lakini kikao kilitaka arudishe funguo na daftari.

Mweka hazina ni mtu mzima, nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi luku siigusi usiku. Njoo jioni uangalie mwenyewe."

Nilirudi jioni giza lilipoingia. Nilimpa kijana mmoja tochi aingie ndani, sisi tukabaki nje karibu na kitasa, mlango umefungwa. Kwenye kona ya juu mwanga ulitoka kama mstari wa jua kwenye ufa wa dirisha. Chini ulitoka tena. Tulipoushika mlango kwenye kitasa tukaunyanyua, ulicheza juu na chini. Bawaba ya juu ilikuwa imefungwa kwa skrubu fupi zilizoshika bati tu, na mbili zilikuwa zimeng'oka. Usiku wapakiaji waliingiza mzigo wa mwisho, wakausukuma mlango ukarudi bila kubana, wakaenda kulala. Ndiyo maana chumba kilikutwa na joto asubuhi.

Matengenezo hayakuhitaji fundi wa friji. Fundi wa milango aliondoa bawaba zile za kawaida, akaweka bawaba zinazorekebishika, akazishika kwa bolti zilizopita mpaka kwenye bamba la chuma upande wa pili. Mpira ulikuwa umechanika kona moja, ukabadilishwa. Siku ya pili kompresa ilianza kuzima na kuwaka yenyewe, na wale akina mama walikuwa wamesahau kwamba huwa inazima.

Naomba nikuambie na sehemu ambayo haipendezi. Mweka hazina alirudishiwa daftari, lakini sikusikia mtu akisimama kikaoni kumwomba radhi. Na yule mama wa kreti nne hakurudi kwenye kikundi. Mara ya mwisho nilimkuta akianika dagaa wa mtu mwingine kwa kibarua. Ndiyo sababu sitaki uione bawaba kama jambo la fundi peke yake. Chumba baridi cha kikundi kimesimama juu ya mashine na juu ya kuaminiana, na mlango uliolegea unakula vyote viwili.

BAWABA INAYOREKEBISHIKA NI IPI?

Bawaba ya mlango wa nyumba ukishaifunga imekwisha, mlango ukishuka huna la kufanya ila kuing'oa na kutoboa upya. Bawaba inayorekebishika imetengenezwa ukijua kwamba mlango utashuka tu. Ina mashimo marefu badala ya ya duara, au skrubu maalumu za kusogeza, ili uweze kupandisha na kushusha mlango, kuusogeza kulia au kushoto, na kuusogeza karibu na fremu au mbali nayo ili mpira ubane sawasawa.

Nyingine zina faida ya ziada: ni bawaba za kupanda. Ndani yake kuna vipande viwili vya nailoni vilivyokatwa mshazari, kimoja kimekaa juu ya kingine. Ukifungua mlango unapanda kidogo, ukiuachia uzito wake wenyewe unaurudisha na kuufunga. Mpira wa chini nao unanyanyuka mlango unapofunguka, hivyo hausugui sakafu na haulani haraka. Kwa mwalo wenye wapakiaji waliobeba kreti kwa mikono miwili, mlango unaojifunga wenyewe una thamani kuliko tangazo lolote la "FUNGA MLANGO" utakalobandika ukutani.

Unaponunua au kujengewa chumba, au ukinunua kontena la baridi lililotumika, usiulize ukubwa wa kompresa peke yake. Uliza bawaba inarekebishwaje, vipande vyake vya nailoni vinapatikana wapi vikiisha, na je, ni ya chuma kisichoshika kutu? Maji ya samaki na chumvi ya kayabo yanakula chuma cha kawaida upesi sana.

JIPIME MWENYEWE

Huhitaji kifaa cha bei. Fanya haya leo hii:

Kwanza, karatasi. Chukua kipande cha karatasi, kibanwe na mlango, kisha kivute taratibu. Kiwe na ugumu. Rudia kuzunguka mlango wote, kila baada ya shibiri moja. Panapotoka bila kushikwa, hapo baridi inatoka.

Pili, tochi. Fanya usiku kama nilivyoeleza. Ila kabla ya mtu kuingia, hakikisha kifungulio cha ndani kinafanya kazi, na mwenzake abaki nje ameshika kitasa. Usimfungie mtu kwenye chumba baridi kwa kubahatisha.

Tatu, mkono. Fungua mlango nusu, shika upande wa kitasa, unyanyue. Ukicheza, bawaba imelegea au imelika. Angalia pia kama umechora alama ya kusugua sakafuni.

Nne, jasho na barafu. Fremu ikitoa maji sehemu moja tu, au friza ikiota barafu kona moja tu ya mlango, kona hiyo ndiyo inayovuja.

Karatasi ikishika kote na mwanga hauonekani popote, basi bawaba zako ni salama. Hapo mwite fundi wa friji, na umwambie atafute tundu kabla ya kuongeza gesi.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Tafuta spana inayokaa vizuri, bisibisi, pima maji, ufunguo wa kona sita ambao mafundi huuita alenki, na kabari mbili za mbao. Mruhusu mwenzako akusaidie, mlango ule ni mzito.

Anza kwa kuchora mstari kwa kalamu kuzunguka kila bawaba, ili ukikosea ujue pa kurudi. Weka kabari chini ya mlango upande wa kitasa, zibebe uzito. Ndipo ulegeze bolti za bawaba, nusu mzunguko tu, usizitoe. Kama mlango una bawaba tatu, legeza ya katikati kwanza, maana ndiyo inayozuia nyingine zisisogee.

Kama kona ya juu upande wa kitasa imeachia na kona ya chini inasugua, vuta bawaba ya juu kuelekea upande wa bawaba, kidogo kidogo. Kitasa kitapanda. Kama mlango wote umeshuka sawa, pandisha kwa skrubu ya kimo, na bawaba zote zipande kwa kiasi kimoja, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kisha rekebisha kina: mpira uguse fremu na ubonyee kidogo kote. Usiubane mpaka ukapondeka. Mpira uliopondwa hufa mapema, na mlango unaanza kuruka ukiufunga.

Mpira wa chini uguse sakafu kwa wepesi tu. Kaza bolti, toa kabari, rudia karatasi. Baada ya wiki moja kagua tena, kwa sababu bolti mpya hutulia.

Na kama fremu yenyewe imepinda, au sakafu imetitia upande mmoja, hakuna bawaba itakayokuokoa. Weka pima maji kwenye fremu kabla hujalaumu mlango. Sakafu ikiwa imezama, rekebisha sakafu kwanza.

MAMBO MATATU YA KUKATAA

Moja: usikubali bawaba ichomelewe kwenye paneli. Nimeona mafundi wa mageti wakifanya hivyo. Povu la ndani linaungua, linatoa moshi wenye sumu, na moto unaweza kupita ndani ya paneli bila kuonekana. Tumia bolti.

Mbili: usikubali skrubu zinazoshika bati peke yake. Lazima nyuma kuwe na bamba au ubao mgumu wa kubeba uzito.

Tatu: kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mlango ukiganda usiupige teke wala usiuvute kwa nguvu. Milango hiyo huwa na waya wa kupasha joto kuzunguka fremu ili usigande. Ukiganda, waya huo umekufa au mpira unavuja. Teke lako litamalizia bawaba.

KAMA HUNA CHUMBA, UNA FRIZA YA KIFUNIKO

Wachuuzi wengi wa vijijini wana friza ya sanduku tu. Ina nafuu, kwa kuwa baridi inakaa chini, haimwagiki kama kwenye mlango wa kusimama. Lakini bawaba zake za nyuma zina springi, na zikilegea kifuniko kinakaa upande. Fanya kipimo cha karatasi pande zote nne. Usiegemeze magunia juu yake, usiruhusu watoto wakalie, na usiibebe kwa kushika kifuniko. Bolti za bawaba ziko nyuma, karibu na ukuta, kwa hiyo huzioni. Ivute friza mbele mara moja kwa mwezi, uzikague na ufute vumbi pia.

NANI ANALINDA MLANGO?

Viwanda vya minofu ya sangara, ambavyo vilianza kujengwa hapa Mwanza miaka ya 1990, vina wahandisi wa kukagua milango yao. Wewe na kikundi chako hamna mhandisi, lakini mnaweza kuchagua mtu. Katiba ya kikundi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ongezeni mtu mmoja wa mlango. Kazi yake iwe kupima kwa karatasi kila Jumatatu, kukaza bolti, kusafisha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kuandika kwenye daftari nyuzi joto za asubuhi na jioni.

Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Siku mzigo utakapokataliwa, mtafungua ukurasa, mtaona joto lilianza kupanda siku gani, na mtajua pa kuanzia kuliko kuanza kutazamana usoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo ni milimita 5, na unazibwa kwa spana na robo saa ya kazi.